Udi wa Kashata

Mlango wa kiogeshi ulifunguka bila sauti na Kashata akaingia mwenyewe, mkia ukiyumba, kama bwana harusi anayekwenda kusingwa kwa manukato.

Kiogeshi kilikuwa chumba cha duara mithili ya chungu kikubwa, kimekaa pembeni mwa baraza ya ghorofa ya kumi na mbili, mtaa wa Chumbageni, jijini Tanga. Mlango ulipojifunga, mikono laini ya mpira ilishuka kutoka juu na kuanza kazi. Maji ya vuguvugu yalimwagika mgongoni, sabuni ya mwarobaini ikatoa povu. Brashi za nyuzi za mkonge zilipita katika manyoya yake marefu, yenye rangi ya sukari iliyoungua, zikafungua kila fundo bila kumuumiza, kwa sababu akili mnemba iliyoziongoza ilihisi mvuto wa kila unywele. Kucha zilisagwa taratibu. Masikio yalipanguswa kwa pamba na mafuta ya nazi. Kisha upepo wa moto ulivuma mpaka usibaki unyevu hata wa kulowesha jani la chai.

Mwisho kabisa, chetezo kidogo cha shaba kilichofichwa chini ya sakafu kiliwaka, na moshi wa udi ukapanda ukamzunguka mbwa yule kama shuka. Alipotoka alinukia kuliko watu wengi waliokuwa wakielekea msikitini Ijumaa ile.

Mwantumu Shekalage alisimama nje akitazama kupitia kioo, akatabasamu. Yeye ndiye aliyekibuni. Kazi yake ya kila siku ilikuwa katika karakana ya kamba za anga, ambako mkonge wa Tanga uligeuzwa nyuzi ngumu kuliko chuma, za kupandishia mizigo hadi kituo cha angani. Lakini watu mtaani hawakumjua kwa kamba. Walimjua kwa kiogeshi.

Zamani, katika miji ya pwani, watu wengi hawakukaa na mbwa ndani. Haukuwa ukatili. Mate ya mbwa au unyevu wake ukigusa nguo au chombo, lazima kioshwe mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo. Mtu wa swala tano angeosha mpaka lini? Basi mbwa walilala nje, na wenye huruma waliwawekea maji kwenye kifuu. Kisha wakaja mbwa wa tahadhari. Hao walifundishwa kunusa mambo ambayo hakuna kidude kilichoyawahi: sukari inayoshuka mwilini, au kifafa kinachokaribia. Wazee wengi waliokuwa wakiishi kwa hofu walipata usingizi tena. Ila mbwa wa namna hiyo hawezi kulala nje. Lazima awe karibu na mtu wake.

Mwantumu alikaa na jambo hilo akalifikiri kwa ajili ya mama yake, Bi Mwanaidi. Kikavu kwa kikavu hakuna neno. Neno liko kwenye unyevu. Kiogeshi kilimtoa mbwa akiwa mkavu, kisha kikajiosha mikono yake chenyewe mara saba, mara moja kwa udongo uliosagwa kama unga. Ubavuni mwake paliandikwa: Hakuna mkono utakaolowa. Muda si mrefu nyumba nyingi za Tanga zilikuwa nacho.

"Mama!" Mwantumu aliita. "Mwanao katoka hamamu. Njoo umwone."

Hakujibiwa.

Alimkuta jikoni, amekaa sakafuni, ubavu umeegemea kabati. Uso ulikuwa umelowa jasho, midomo inatetemeka, na mkononi bado ameshika mwiko. Kashata alifika nyuma yao, akaketi, akajikuna sikio. Hakubweka wala hakupiga sakafu kwa mguu kama alivyofundishwa. Alikaa tu, ananukia.

Mwantumu alichukua asali kabatini akampaka mama yake ndani ya shavu kwa kidole, akamshika kichwa, akangoja. Mwili wa Bi Mwanaidi ulikuwa umekataa kila kidude cha kupima sukari kilichopandikizwa chini ya ngozi. Ngozi ilivimba, madaktari wakakitoa. Ndiyo maana alipewa Kashata.

Baada ya muda mama alimeza mate, akafumbua macho vizuri.

"Taratibu na hiyo asali," alisema. "Mimi si andazi."

"Mama, Kashata hakukwambia kitu?"

"Alikuwa kwa kinyozi wake."

"Kabla hajaingia alikuwa na wewe hapa hapa. Na juzi je?"

"Juzi nilikaa chini."

"Ulianguka."

"Nilikaa chini kwa haraka," alisema Bi Mwanaidi, akampa mwanawe mwiko ausafishe.

Angependa jambo liishie hapo, lakini sakafu za jengo lile zilikuwa na hisia. Zilijua mtu akianguka, na zilipeleka habari. Kabla ya alasiri alifika kijana mmoja aitwaye Kilua, kutoka kituo cha mbwa wa tahadhari. Alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia, akaamkia, akauliza hali ya mgonjwa kabla ya kumwangalia mbwa. Mambo kama hayo huonekana madogo, lakini Bi Mwanaidi aliyaona.

Kilua alipanga chupa tatu sakafuni. Zote zilikuwa na pamba. Moja tu ilikuwa na jasho la Bi Mwanaidi, lililochukuliwa siku ambayo sukari yake ilishuka hospitalini. Kashata alinusa zote, akarudi, akanusa tena, kisha akalala, ishara ya kuchagua, mbele ya chupa ambayo haikuwa na jasho.

Kilua alipiga magoti akamkuna shingo. "Pole, baba," alimwambia mbwa. Kisha akasema, akiangalia chupa zake, "Bibi, utaratibu unanitaka nimrudishe kituoni. Na mtu aliyeanguka mara mbili hawezi kuachwa bila mlinzi. Utahamia makao ya uangalizi."

"Yale ya mashine?"

"Ni mazuri, bibi. Kitanda kinakugeuza chenyewe. Ukuta unakusalimia."

"Ukuta unanisalimia, nami niuitikie marahaba?"

Kilua alicheka. Mwantumu akauliza kama hakuna mbwa mwingine. Foleni ilikuwa ndefu, alisema Kilua, na siku hizi mbwa wengi wa Tanga walikuwa wakishindwa. Hata Shoka, mbwa wa Mzee Sempombe wa ghorofa ya chini yao.

Habari ya Mzee Sempombe jengo zima liliijua. Alikuwa mpishi wa vitumbua, na alikuwa na kifafa. Asubuhi moja kifafa kilimjia akiwa mbele ya karai la mafuta ya moto, na Shoka hakumtahadharisha. Watu walimlaani mbwa yule hadi siku alipochukuliwa.

"Mimi ndiye ninayepanga siku za ukaguzi," Kilua alisema akivaa viatu. "Siku ya mbali kabisa ninayoweza kuwapa ni mwezi ukiandama. Nitarudi siku hiyo."

Alipoondoka, Bi Mwanaidi aliuvuta mkeka karibu na dirisha akakaa. Juu ya magoti yake alitandika kanga moja kuukuu iliyopauka. Ile ilikuwa kanga ya Kashata. Mbwa alifundishwa kupiga sakafu kwa mguu, na asiposikilizwa, aweke pua yake juu ya goti la mwenyewe. Pua ya mbwa haikauki, hivyo Bi Mwanaidi hakuwahi kukaa bila kanga ile.

"Mama, huendi popote," Mwantumu alisema.

"Sijasema naenda."

"Na Kashata haendi."

"Hilo kamwambie Kashata anuse."

Mwantumu aliomba ruhusa karakana. Alidhani kwanza mbwa amezeeka, lakini mganga wa wanyama alimpima akasema moyo ni mzima na macho ni mazima. Akashuku sabuni, akaibadilisha. Akashuku upepo wa moto, akaupunguza. Kiogeshi chenyewe, kila alipokiuliza, kilijibu kwa sauti yake tamu: "Mbwa ni msafi. Afya ni kamilifu." Alikasirika akakizima, akachukua bisibisi na kukifungua kipande kimoja kimoja, vipande akavitandaza barazani juu ya karatasi za plastiki mpaka pakawa hapana pa kukanyaga.

"Utaweza kukirudisha?" mama yake aliuliza.

"Nilikitengeneza mimi."

"Hata mimi nilikutengeneza wewe, lakini ukifunguliwa mbele yangu, vipande vyako sijui kama ningevirudisha."

Asubuhi moja Mwantumu alikuwa amefika kwenye chetezo. Alikiwasha akakizima mara nyingi, kichwa chake kikiwa ndani ya chumba cha duara, ili aone moshi unapita wapi. Bi Mwanaidi alikuwa amebandika vitunguu jikoni, akamwambia mwanawe amwangalizie wakati anakunja nguo chumbani.

"Mwantumu! Vitunguu!"

Alitoa kichwa. Jikoni, nyuma yake kabisa, sufuria ilikuwa inatoa moshi mweusi. Bi Mwanaidi alikuwa amefika mbio, akizima jiko, akikohoa.

"Nyumba inaungua na wewe uko hapo hapo! Husikii harufu? Pua yako iko likizo?"

Mwantumu aliisogelea sufuria akaiinamia. Vitunguu vilikuwa makaa. Akavuta pumzi. Udi. Akachukua kopo la karafuu, akalifungua, akanusa. Udi. Akafungua chupa ya siki akainusa mpaka macho yakamtoka machozi, na bado, mbele ya yote, kilichokuwa puani mwake ni udi.

Alibaki amesimama na chupa ya siki mkononi.

"Mama," alisema polepole, "mimi nimekaa na moshi huu asubuhi moja tu."

Alimwita Kashata. Akachukua kipande cha pamba, akakilowesha kwa maji ya vuguvugu, akakipitisha taratibu kwenye kitundu cha pua. Pamba ilitoka na masizi membamba, yenye mafuta, kama yale yanayokaa kwenye kuta za nyumba inayofukizwa kila siku. Hapo akaelewa. Pua ya mbwa inanusa mamia ya mara kupita ya mtu, na yeye alikuwa ameifungia ndani ya chungu akaijaza moshi. Hata alipotoka, manyoya yale marefu yaliuhifadhi udi wiki nzima. Kashata alikuwa akiishi ndani ya harufu yake mwenyewe, kama mtu aliyefunikwa blanketi kichwani, kisha anaulizwa kwa nini haoni.

"Ni mimi niliyeutaka huo udi," Bi Mwanaidi alisema. Alikuwa ameketi, mkono kifuani. "Mgeni hatoki nyumbani kwangu bila kufukizwa, ndivyo nilivyokwambia. Na huyu nikasema si mgeni tena, ni mtu wa ndani, apewe heshima yake."

"Wewe uliomba, mama. Aliyejenga ni mimi. Na aliyeupeleka nyumba zote ni mimi."

Kisha akamkumbuka Mzee Sempombe. Kiogeshi cha pale chini alikipeleka kwa mikono yake, zawadi ya Idi. Mzee alimshukuru mlangoni, akampa sahani ya vitumbua vya moto, akamwambia Shoka sasa ananukia kama mtoto wa sultani.

Mwantumu hakulia. Alikaa mbele ya kioo chake cha kazi, akapeleka amri kwa viogeshi vyote vya jiji: vyetezo vizimwe, visiwake tena. Kabla hajanyanyuka, simu zilianza kuingia. Mwanamke mmoja wa Ngamiani alikuwa mkali kuliko wote.

"Sasa mbwa wangu ananuka mbwa!"

"Mbwa anuke mbwa, dada," Mwantumu alimjibu. "Mwache anuke mbwa ili akunuse wewe. Na kamwoshe upya kwa mkono, mashine yenyewe imeshajaa udi."

Alimpigia Kilua pia, akamweleza. Kilua alisikiliza mpaka mwisho. "Dada, nakuamini," alisema. "Lakini wakubwa wangu hawatamsikiliza mtu, watamsikiliza mbwa. Kashata anuse. Akinusa yeye, nitawarudisha wengine wote."

Mwezi ulikuwa umeshakonda angani. Mwantumu akaleta beseni.

Hakuwahi kumwosha mbwa maishani mwake. Alikibuni kiogeshi ili mbwa asioshwe kwa mkono. Kabla ya mashine, aliyekuwa akifanya kazi hiyo ni Bi Mwanaidi, barazani, amejifunga kanga kiunoni na kuvaa glavu. Mwantumu alikuwa akirudi kazini anamkuta ameinama na mgongo unamuuma, na huruma ile ndiyo iliyozaa kiogeshi chote.

"Keti chini," mama alimwagiza sasa kutoka kwenye mkeka wake. "Usimwinamie kama polisi. Mbwa anaogopa kivuli kinachotoka juu. Maji kwanza miguuni, ajue ni maji, ndipo mgongoni. Kichwa mwisho."

Mwantumu alimwagia kwa kata. Alipaka sabuni isiyo na harufu, akasugua, na maji yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya chai, yananukia udi barazani kote. Alibadilisha beseni, akarudia. Alikuwa amechomoa brashi moja ya mkonge kutoka kwenye mkono wa mashine, akaanza kuchana nyuma ya sikio, mahali manyoya yalipojisokota. Kashata akalia.

"Unapalilia shamba?" Bi Mwanaidi alimkemea. "Shika shina la nywele kwa vidole, ili ukivuta uvutike mkono wako, si ngozi yake. Halafu chana ncha. Ncha ikifunguka, panda juu kidogo. Ulikuwa na nywele ngumu kuliko hizo, nami sikukuliza."

"Uliniliza, mama."

"Kidogo tu."

Alishika shina, akachana ncha. Fundo likalegea. Kashata akaacha kulia, akamwangalia kwa jicho moja, kisha akalifumba. Akamsafisha pua kwa pamba na maji yenye chumvi kidogo. Akamkausha kwa taulo, pole pole, katikati ya vidole vya miguu na chini ya tumbo, akamsaga kucha kwa tupa ndogo huku ameishika miguu yake kama mtu anayemvisha mtoto viatu. Mbwa akapumua kwa nguvu, akalaza kichwa chote juu ya paja lake lililolowa.

Ikabaki mikono yake. Udongo wa mashine ulikuwa umechanganyika na masizi ya udi, na katika ghorofa ya kumi na mbili udongo mwingine utoke wapi? Bi Mwanaidi aliangalia huku na huku. Kisha akavuta kopo lake la mrehani, uliokuwa umechanua dirishani, akaung'oa taratibu na mizizi yake, akautia kwenye glasi ya maji.

"Mama, mrehani wako!"

"Utapata mizizi mipya. Lete mikono."

Akamwekea mwanawe udongo kwenye viganja, akammiminia maji, mara ya kwanza kwa udongo, kisha zile nyingine. Walikuwa wamekaa magoti kwa magoti. Bi Mwanaidi alimimina bila haraka.

"Tangu kiogeshi kije," alisema, macho kwenye maji, "Kashata alikuwa hajanilalia. Zamani nikimwosha alikuwa anaweka kichwa hivyo hivyo, nami namhadithia habari za baba yako. Mgongo uliuma, ndiyo. Lakini ilikuwa kazi yangu."

Mwantumu aliinua uso. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniletea kwa mapenzi. Zawadi ya mapenzi mtu hairudishi."

Kesho yake, Mwantumu alipoleta beseni, aliweka mto ukutani na kigoda kirefu, ili mama amshike mbwa kichwa bila kuinama. Wakafanya hivyo kila asubuhi. Siku nyingine Kashata alikubali, siku nyingine alitoroka na povu mgongoni akawakimbiza sebule nzima. Jirani mmoja, ambaye hakutaka kutajwa, aliacha mfuko wa udongo mlangoni mwao. Kila jioni Mwantumu aliweka chupa tatu sakafuni, moja ikiwa na pamba ya jasho aliyopewa na Kilua. Kwa muda Kashata alikosea. Kisha akaanza kusitasita mbele ya chupa ya kweli, akaipita. Mwantumu alizikusanya chupa, akazipanga tena.

"Una kichwa kigumu," mama yake alimwambia.

"Nimekirithi."

Siku mwezi ulipoandama, Kilua alifika mapema kuliko walivyomtarajia. Mwantumu alikuwa bado na brashi mkononi na Kashata bado ana povu shingoni. Bi Mwanaidi alikuwa ametawadha akavaa kanga zake nyeupe za swala, zile alizoletewa na marehemu mume wake, ameketi mkekani akingoja adhuhuri. Kwa kuwa alikuwa amejitenga na maji ya mbwa, magotini hakuweka ile kanga kuukuu.

"Maliza kwanza, dada," Kilua alisema. "Nitangoja."

"Hapana. Mpime hivi hivi alivyo."

Kilua alipanga chupa. Kashata alikwenda, matone yakidondoka nyuma yake. Alinusa ya kwanza. Akanusa ya pili. Mbele ya ya tatu alisimama, pua ikacheza. Lakini mbwa hakulala. Aliinua kichwa, akageuza mwili wote, akaziacha chupa zile, akaondoka.

"Ameacha," Kilua alisema kwa huzuni. "Dada, ameziacha."

Kashata alikwenda moja kwa moja hadi mkekani. Akapiga sakafu kwa mguu. Bi Mwanaidi alimwangalia kama mtu anayeangalia kitu cha mbali. Akapiga tena, kwa nguvu. Kisha akashusha kichwa chake chote kilicholowa, povu na maji na pua yake baridi, akakilaza juu ya kanga nyeupe ya swala.

Mwantumu alingoja mama yake apige kelele. Mama hakusema kitu. Kunyamaza kule ndiko kulikomwambia.

"Asali!" aliita, na Kilua ndiye aliyewahi jikoni. Mwantumu alimchoma mama yake kidole, akaangalia kipima-sukari. Ilikuwa imeanza kuporomoka, lakini haijafika chini. Alikuwa bado amekaa. Bado alikuwa na nguvu ya kulamba kijiko mwenyewe. Kashata hakuondoa kichwa mpaka rangi iliporudi usoni mwake.

Kilua aliziinamia chupa zake akazikusanya, akachukua muda mrefu kuliko chupa tatu zinavyohitaji. "Mimi nilimletea jasho la zamani," alisema bila kugeuka. "Yeye kafuata la leo."

Bi Mwanaidi aliangalia kanga yake, doa kubwa la maji na nywele mbili za rangi ya sukari iliyoungua.

"Nguo yangu ya swala," alisema.

"Nitaifua, mama."

"Uiache. Usiipe hata mashine." Aliweka kiganja chake kikavu juu ya kichwa kilicholowa, akakiacha hapo. "Nitaifua mwenyewe. Mara saba, na zote nitazifurahia."

Kilua alitimiza ahadi. Mbwa walianza kurudi nyumbani mmoja mmoja, na kila aliyerudi aliambatana na maelezo ya kuoshwa kwa mkono. Wapo waliolalamika. Wapo waliojifunza. Maneno yaliyoandikwa ubavuni mwa viogeshi Mwantumu aliamuru yafutwe.

Siku Shoka aliporudishwa, Mwantumu alishuka ngazi akiwa na beseni, brashi ya mkonge, na kopo la udongo. Mzee Sempombe alifungua mlango. Nyumba ile, iliyokuwa ikinukia iliki na nazi tangu alfajiri, haikuwa na harufu ya kitu. Karai lilikuwa limegeuzwa kifudifudi juu ya kabati. Shoka alikuwa amejibana kwenye mguu wa mzee kama anayeogopa kuondolewa tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakuingia. Alikuwa ameazimia kusema akiwa bado mlangoni, ili mzee akitaka kuufunga aufunge.

"Mzee, Shoka hakukosa. Wamemlaani bure. Chetezo changu ndicho kilichomziba pua. Kile kiogeshi nilichokuletea siku ya Idi."

Mzee Sempombe alimsikiliza. Alishusha macho kwa mbwa, akimkuna kichwani kwa mkono mmoja. Mlango haukufungwa. Mwishowe aliinua uso, akanyoosha mkono wa kumpa mgeni wake. Ulikuwa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala kifuani, vidole vimeshikana kwa kovu kama vya mtu aliyekamata kitu asichoweza kukiachia.

"Niwie radhi, mwanangu," alisema. "Nakusalimu kwa mkono wa kushoto. Huu mwingine hauwezi tena."

Mwantumu aliweka beseni chini, akaupokea mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akaushika. Kisha akajifunga kanga kiunoni.

"Mzee, nitakuja kumwosha Shoka kila Ijumaa," alisema. "Nianzie wapi? Maji yako wapi?"